Nilimpekua Mdogo Wangu kwa Ajili ya Sarafu ya Radi

Nina miaka arobaini na tisa, mke wa mtu, naishi Buswelu. Mama alituzaa wawili tu, mimi na mdogo wangu Koku.

Baba yetu alisomea uhandisi Romania ujanani. Alirudi na sarafu mbili za zamani za huko, za mwaka mmoja, zinazofanana kama punje za maharage. Ila moja ilitengenezwa Ubelgiji, nyingine Ufaransa. Ya Ufaransa ilikuwa na alama ndogo mno ya radi, karibu na tarakimu za mwaka. Baba alisema sarafu zenyewe hazina bei kubwa, lakini anayeiona radi ana macho. Mimi ndiye niliyeiona kwanza!

Kabla hajafariki, alisema ya radi iwe yangu, nyingine ya Koku.

Arobaini ya msiba wake ilipokaribia nilitaka zing'ae mbele ya ukoo. Kwetu sufuria isiyong'aa ni aibu, basi nikazisugua vivyo hivyo, kwa majivu na mchanga wa ziwani, hadi zikameta. Nikazirudisha kwenye kopo, katika chumba alicholala Koku.

Siku ya arobaini nikafungua kopo mbele ya shangazi na wajomba. Sarafu mbili... radi hakuna!

Nani mwingine? Siku zote zile Koku alikuwa akitoka nje kuongea na simu kwa sauti ya chini, akiniona ananyamaza. Na asubuhi ile aliniuliza kama ile ya radi bado ninayo. Ya nini kuuliza? Nikajua kaibadilisha. Nikaunyakua mkoba wake, nikaumwaga sakafuni.

"Dada, unanipekua mimi? Kwenye arobaini ya Baba?"

Ilidondoka karatasi ya fundi wa kujengea kaburi. Kumbe ndiye aliyekuwa akiongea naye, alitaka kutushtukiza kwa jambo jema. Mnadhani niliona haya? Nikapiga kelele kwamba kaiuza sarafu ndipo akapata hela ya fundi! Koku akarudi Bukoba bila kula.

Miezi ikapita. Binti yangu akanionyesha picha kwenye simu, Baba kashika sarafu yake. Radi inaonekana, na pembeni ukingo umebonyea kidogo. Nikakimbilia kopo... moja ya zile mbili ilikuwa imebonyea palepale. Ni ileile! Radi niliifuta mwenyewe, kwa mchanga!

Nilimpigia nikilia. Akasema amenisamehe, nami nikaamini yamekwisha.

Mwezi uliopita alikuja kwenye kipaimara cha mwanangu. Aliniamkia vizuri, tukacheka. Wakati wa kuondoka, bila kuombwa, akaufungua mkoba wake na kupanga vitu mezani kwangu kimoja kimoja. Kanga. Rozari. Simu. Senene alizofungiwa na shangazi.

"Angalia, dada, nisije nikabeba cha kwako."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Laiti angenitukana!

Wasomaji wenzangu, kitu kikipotea nyumbani kwako, nakusihi, anza na mikono yako mwenyewe. Mkoba wa ndugu ukishaumwaga, utarudisha vitu vyote ndani... lakini yeye hatausahau ule mlio wa vitu vyake sakafuni.