Namba Moja, Wenyewe Wawili

Kila alasiri, akishafua soksi zake za shule na kuzianika dirishani, Mbishi alipiga magoti chini ya meza ya kukatia vitambaa na kuwasha kompyuta kuukuu. Mashine ilinguruma, ikakohoa, kisha feni yake ikashika kasi. Mama yake, fundi cherehani, alisogeza mguu ili asimkanyage vidole, akaendelea kushona.

"Ameamka mzee wako?" mama aliuliza.

"Ameamka. Leo anafundisha umeme."

Jina la Mbishi alipewa na wanafunzi wenzake, kwa kuwa hakukubali jibu lolote kabla ya kuona limetoka wapi. Nyumbani nako likamganda. Kompyuta ile aliachiwa na kaka yake aliyekwenda chuoni. Kaka aliijaza video za masomo ya sayansi na hisabati, akaiunganisha kwa waya na ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao ndani ya nyumba. Kompyuta ya namna hiyo, inayotunza mafaili na kuwagawia wengine, huitwa seva. Watoto wa jirani waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi walikuja na simu za wazazi wao, wakavua viatu mlangoni, wakaketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Waliandika anwani ya seva, iliyoishia na namba ishirini, na somo likafunguka bila kununua bando. Namba hiyo aliichagua Mbishi mwenyewe siku ruta mpya ilipofungwa, kwa sababu ilikuwa rahisi kukumbuka.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba, dereva wa lori, aliporudi safarini na televisheni mpya, pana kama mlango. Aliitundika ukutani, akaiunganisha na mtandao, akajitupa kwenye kochi. Tangu siku hiyo seva ikaanza vituko. Leo somo linafunguka, kesho simu zote zinaonyesha kiduara kinachozunguka tu.

"Mzee wako kazimia tena," alisema Kidoti, rafiki yake wa nyumba ya pili. "Na mtihani ndio huo umefika. Mimi hata saketi moja ya umeme sijaielewa."

Mjomba alicheka. "Hilo dubwana limekula chumvi nyingi. Kesho jioni mnunuzi wa vyuma chakavu akipita, nampa. Hapo chini ya meza nitaweka spika zangu."

"Hutampa, mjomba," alisema Mbishi.

Cherehani ikasimama.

"Unamjibu nani hivyo?" mama aliuliza.

"Namjibu mjomba, mama, na ninamheshimu. Lakini kompyuta hii haijafa. Kilichokufa hakiamki kesho yake."

Mjomba hakutaka kuonekana mwonevu, akampigia simu fundi wa kompyuta wa mtaani. Fundi alifika na mkoba begani, akainama, akasikiliza mngurumo, akagonga kasha kwa kidole.

"Diski inayotunza mafaili imechoka," alisema. "Tupeni tu."

"Umeipima?" Mbishi aliuliza.

Fundi akakunja uso. "Binti, kazi hii nimeianza wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, na shikamoo nimekupa. Lakini umeipima?"

Mama alijifunika mdomo kwa kitambaa. Haikujulikana kama amekasirika au anacheka. Fundi aliondoka akinung'unika juu ya watoto wa siku hizi. Mama alimsindikiza, aliporudi akamkazia binti yake macho.

"Umelishikia bango jambo hili, basi lishikie mpaka mwisho. Una nafasi hadi kesho jioni. Ukishindwa, mjomba wako ataiondoa, na sitaki kusikia neno."

Kesho yake haikuwa siku ya shule. Mbishi alianza kwa kubadilisha waya. Hakuna kilichobadilika. Akachomeka skrini ya zamani moja kwa moja kwenye seva, akafungua somo moja, la pili, la tatu. Yote yalicheza bila kukwama.

"Diski ni nzima!" alisema kwa sauti kubwa, makusudi, ili mjomba asikie. Kumbe shida ilikuwa kati ya seva na simu.

Akampigia kaka yake.

"Usibahatishe," kaka alimwambia. "Gusa kitu kimoja, angalia, ndipo uguse kingine. Una ile programu niliyokuonyesha? Iite seva kwa namba yake, uone kama inaitika."

Mbishi aliifungua programu hiyo kwenye simu ya mama. Kwanza aliizima seva kabisa na kuchomoa waya wake wa umeme, ili aone programu inaonyesha nini seva isipoitika. Kisha akaita namba ishirini.

Ikaitika.

Akaita tena. Ikaitika tena.

"Mama! Njoo uone! Seva nimeizima, waya wake huu hapa mkononi, lakini namba yake inaitika!"

Mama aliacha mkasi, akachungulia simu. "Sasa anayeitika ni nani?"

Mbishi alitazama huku na huku. Kitu gani kingine kilikuwa kimewaka na kutumia mtandao? Macho yake yakatua ukutani.

"Mjomba, naomba tuzime televisheni kidogo."

"Mpira uko patamu! Haizimwi."

"Basi nitasubiri hapa hapa."

Akasimama kando ya kochi, mikono kifuani. Mjomba alijitahidi kutazama mpira, akageuka, akatazama, akageuka tena.

"Unanipumulia kisogoni! Haya, zima!"

Televisheni ikazimwa. Mbishi akaita namba ishirini: kimya. Wakaiwasha: ikaitika. Wakaizima: kimya.

Alitamani kuruka. Lakini alikumbuka maneno ya kaka, akafungua kwanza mipangilio ya ruta. Hapo akaona kuwa ruta hugawa namba yenyewe kwa kila kifaa kinachojiunga, kuanzia namba mbili hadi mia moja na hamsini. Ishirini nayo ilikuwemo. Asubuhi, seva ikiwa imezimwa, ruta iliiona ishirini haina mtu, ikaipa televisheni. Alasiri seva ilipoamka, vifaa viwili vikawa na anwani moja, na simu zikawa hazijui zielekee wapi.

Furaha ikampungua. Ishirini ile aliichagua nani?

"Kwa hiyo televisheni yangu ndiyo mkosaji?" mjomba aliuliza, uso umemshuka.

Kusema ndiyo kungekuwa kutamu. Kidoti na wenzake walikuwa wameshafika mlangoni, wote masikio wazi.

"Hapana, mjomba. Televisheni ilipewa namba kihalali. Mimi ndiye niliyejichukulia ishirini bila kuangalia ruta inagawa zipi. Kosa ni langu." Akainua kidevu. "Lakini diski ni nzima, na kompyuta haiondoki!"

Mjomba alimtazama, kisha akacheka mpaka kochi likalia. "Rekebisha basi, mwenye kosa."

Mbishi aliiagiza ruta ianze kugawa namba kutoka mia moja kwenda juu, na zilizo chini yake isimpe yeyote. Akaizima na kuiwasha. Televisheni nayo ikazimwa na kuwashwa, ikapata namba mpya. Mwisho akaamsha seva, na Kidoti akaandika anwani ileile.

Somo la umeme likafunguka. Mjomba akabadilisha idhaa hii na ile kuipima, na somo halikukwama. Watoto wakashangilia.

Mama alimvuta binti yake karibu na cherehani.

"Ubishi wako sikuukataza, na sitaukataza," alisema. "Lakini jana ulibisha kwa mdomo. Leo umebisha kwa kupima, na kipimo kilipokurudia wewe mwenyewe, hukujificha. Ukibisha hivyo, hata wakubwa watakaa wakusikilize. Kesho utakwenda kwa yule fundi, umweleze ulichokiona. Kwa adabu."

"Na akisema mimi mtoto?"

Mama akashika kitambaa chake, akakiweka chini ya sindano.

"Mjibu, ndiyo, mimi mtoto. Kisha umweleze."