Dawa Moja, Miili Miwili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alikuwa na kazi tatu. Alifagia kibaraza ambapo mama yake alishonea nguo. Aliwasha mkaa wa pasi. Kisha alimletea mama yake vidonge na kikombe cha maji, akamtazama akimeza, akachukua kalamu na kuweka alama ya vema kwenye kadi ya kliniki. Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni mwake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama. Mama alikuwa fundi cherehani, hodari wa sare za shule. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amekohoa mpaka akakonda kama kijiti, na kliniki wakamwambia ana kifua kikuu.

"Wewe ndiye msimamizi wake," nesi alimwambia Kidoti siku ile. "Miezi sita, bila kuruka hata siku moja. Ukiona kameza, weka vema. Usipoona, usiweke."

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda sawa. Kikohozi kilikatika, mama akarudisha mwili, cherehani ikaanza tena kuimba. Upande wa pili wa kibaraza alikaa fundi viatu, mtu wa maneno mengi, ambaye naye alikuwa anatibiwa ugonjwa huohuo kwa vidonge vilevile.

"Mimi nameza kama karanga," alikuwa akisema. "Kinachonisumbua ni njaa tu. Juzi nusura nile soli ya mteja."

Mama alicheka. Kidoti naye alicheka.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu, mama alianza kulalamika kuwa sisimizi wanamtambaa nyayoni. Alitazama, sisimizi hawakuwepo. Baada ya siku chache sisimizi wale waliondoka, na mahali pao hapakubaki kitu. Miguu ilikufa ganzi. Alisema ni kama amevaa soksi nene asizoweza kuzivua.

Alipokanyaga kanyagio la cherehani, hakujua kama amekanyaga sana au kidogo. Mashine ilikimbia, ikasita, ikakimbia tena. Mteja mmoja alirudisha sketi mbili, akazikunjua mbele ya watu.

"Fundi, huu mshono umelewa?" akauliza.

 Mama alichukua sketi, akaanza kufumua. Fundi viatu alimtazama kwa huruma, lakini ulimi wake haukuwa na breki.

"Dada, dawa ni hizohizo, kipimo ni hichohicho, na mimi hapa naweza kuruka kamba. Labda unakaa sana. Jikaze kidogo."

Hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo neno "jikaze" lilimwingia mama kama mwiba. Siku ya kliniki, nesi alipomuuliza hali, mama alisema, "Salama tu." Aliona haya kulalamikia kitu ambacho mwenzake anakimeza kama karanga.

Basi ikafika Alhamisi moja. Kidoti alileta vidonge na maji. Mama alivifunga vidonge kwenye kitambaa, akavisukuma chini ya mto.

"Leo simezi."

"Mama, nesi alisema..."

"Nesi hana miguu hii. Kifua kimepona, sikohoi. Weka vema, mwanangu, nisije nikaitwa mkaidi mbele za watu."

Kidoti alishika kalamu. Alama ilitoka imepinda. Siku ya pili ilipinda kidogo. Siku ya nne ilinyooka kabisa. Aliandika vema kama mtu anayejikuna, akabeba mkoba wake, akaenda shule.

Jambo lililomshangaza ni kwamba hakuhisi kitu. Alitegemea ataogopa, au atashindwa kula. Hakuogopa, na alikula. Zamani kidogo aliwahi kung'olewa jino, na baada ya sindano ya ganzi shavu lake lilikuwepo lakini halikuwa lake. Sasa alijisikia hivyo mwili mzima. Mwalimu akifundisha, alimsikia kama mtu anayezungumza nyumba ya tatu. Rafiki zake walimwita kucheza, akaenda, akarusha mpira, akarudi. Ungemwuliza nani alishinda, asingejua.

Jumamosi, siku ya kumi, alikuwa nyumbani akipanga vifungo. Mama alikuwa amesimama mezani, akipiga pasi marinda ya sketi. Kidoti alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akadhani ni kitambaa. Alipoinua macho, aliona kipande cha mkaa kimeanguka kutoka kwenye pasi, kimekaa juu ya mguu wa mama, karibu na kidole gumba. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Mama aliendelea kupiga pasi, akiimba wimbo kwa sauti ya chini.

"Mama! Mguu!"

Kidoti alikipangusa kile kipande kwa ufagio, akamwagia mguu maji. Mama aliinama, akautazama mguu wake kama anayetazama mzigo ulioachwa na mtu mwingine.

"Sikusikia chochote," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

Alikaa kitini. Kisha akakohoa, mara mbili. Wote wawili walikisikia kile kikohozi, na kila mmoja akatazama upande wake.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Shule ilikuwa imefunga, kwa hiyo walikwenda pamoja, mama akichechemea, mguu umefungwa kitambaa ndani ya kandambili. Nesi alipokea kadi, akaipitishia kidole mstari kwa mstari.

"Kadi safi kabisa!" alisema. "Wasimamizi wote wangekuwa kama wewe, mimi ningekaa nikinywa chai."

Kidoti alitazama meza. Aliona kalamu, gundi na sanduku la glavu. Mdomo wake ulifunguka kabla hajaamua.

"Siyo kweli."

"Nini siyo kweli?"

"Hizo kumi na mbili za mwisho. Hakumeza. Niliandika tu."

Mama alifumba macho. Nje kuna mtu alikuwa anaita namba za foleni. Kidoti alingoja apigiwe kelele, hata alitamani kidogo, ili angalau ahisi kitu. Nesi hakupiga kelele. Aliweka kadi chini polepole.

"Kwa nini, mama Kidoti?"

"Miguu," mama alijibu. "Imekufa."

Nesi alimwomba avue kandambili. Alipofungua kitambaa na kuona kile kidonda kibichi, alikisogelea akakitazama vizuri. Kisha akachukua kijiti chenye pamba.

"Fumba macho. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Alimgusa kisigino, akamgusa unyayo, akamgusa kila kidole, zamu kwa zamu. Kidoti alihesabu mara saba. 

"Bado hujaanza?" mama akauliza.

Nesi alitoka, akarudi na daktari, mwanamke mfupi aliyetembea haraka. Daktari aliipima ile miguu upya, akamsikiliza mama kifua, akauliza maswali mengi bila kumlaumu mtu. La mwisho lilikuwa hili: "Kuna ndugu yako yeyote aliyewahi kupata ganzi namna hii?"

Mama alifikiri. "Kaka yangu mkubwa. Naye aliugua kifua kikuu, zamani. Alipokuwa kwenye dawa alianza kuyumba. Sisi tulisema ni pombe. Yeye alikuwa akiapa kwamba hajaonja hata tone, na tukamcheka."

"Hakuwa amelewa," daktari alisema. "Ninavyodhani, yeye na wewe mmerithi kitu kimoja."

Hapo Kidoti akauliza swali lililomkaa kooni wiki nzima. "Lakini fundi viatu anameza dawa hizihizi. Mbona yeye anaruka kamba?"

Daktari alimgeukia kana kwamba anazungumza na mtu mzima mwenzake.

"Mama yako anajua kufumua nguo, siyo? Sasa chukua mafundi wawili, kila mmoja mpe rundo moja la nguo za kufumua. Wa kwanza anamaliza kabla ya saa sita. Wa pili anafanya kazi vizuri tu, ila polepole, na asubuhi ya pili anapoletewa rundo jipya, la jana bado lipo. Marundo yanazidi, mwisho hata pa kukaa hana. Ndani ya ini letu kuna kazi kama hiyo. Ini linaivunjavunja dawa ili itoke mwilini. Moja ya dawa za kifua kikuu, ini la fundi viatu huenda linaivunja haraka. La mama yako linaivunja polepole, dawa inajaa, kisha inaupunja mwili vitamini ambayo mishipa ya fahamu ya miguu inaihitaji."

"Kwa hiyo ini la mama ni bovu?"

"Hapana. Ni zima. Ni tofauti tu, kama watu wanavyotofautiana makundi ya damu. Ndani ya miili yetu kuna maelekezo madogo sana tuliyopewa na baba na mama. Yanaitwa jeni. Hayo ndiyo yanayoliambia ini lifanye kazi kwa kasi gani. Tena hata jamii zinatofautiana. Kuna mahali duniani ambapo zaidi ya nusu ya watu huivunja dawa hii polepole, na kuna mahali ambapo watu hao ni wachache. Lakini usimkisie mtu kwa sura yake wala kwa anakotoka. Mtazame yeye mwenyewe, na umuulize yeye mwenyewe."

"Na mimi?" Kidoti aliuliza. "Nitakuwa kama mama?"

"Huenda ndiyo, huenda sivyo. Umerithi nusu kwa mama na nusu kwa baba. Siku ukihitaji dawa hii, utamwambia daktari habari ya mama na mjomba wako."

Nesi akasema, "Na mimi nina kosa langu. Kila mwezi nilitazama kadi. Miguu sikuitazama."

Daktari alieleza yatakayofuata. Mama angerudia dawa siku ileile, kwa kuwa kuziacha katikati huvipa vijidudu nafasi ya kuwa sugu, na vikiwa sugu tiba huwa ndefu na ngumu zaidi. Kila siku angeongezewa vitamini B6 kwa ajili ya miguu. Kidonda kingesafishwa kliniki. Na makohozi yangepimwa upya, majibu Ijumaa.

Siku nne za kungoja zilipita kama maji machafu mtaroni, bila sauti. Mama alimeza dawa. Kidoti aliweka vema. Hawakuzungumza ila "leta chumvi" na "funga mlango." Jumatano jioni mama alimpigia simu kaka yake. Kidoti alimsikia akisema, "Kaka, hukuwa mlevi. Tulikosea sana. Utusamehe." Kisha mama akasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa kana kwamba kaka yake anamwona.

Alipokata simu, alikaa kitandani karibu na binti yake.

"Ulinisemea."

"Ndiyo, mama."

"Nilitaka nikukasirikie. Nikaitafuta hasira, sikuiona." Alimshika mkono. "Mimi ndiye niliyekutia kalamu mkononi uandike uongo. Mzazi hapaswi kumfanyia mwanawe hivyo. Nisamehe."

Kidoti alisema, "Haya, mama."  Lile shavu la jino lilikuwa bado si lake.

Ijumaa majibu yalitoka. Vijidudu havikuonekana. Kikohozi kile kilikuwa mafua tu. Daktari aliongeza siku za dawa kufidia zile zilizorukwa, basi. Mama alishukuru, Kidoti akashukuru, wakarudi nyumbani kwa miguu, mama akiegemea bega lake.

Wiki zikapita. Miguu haikurudi kwa siku moja. Kwanza walirudi sisimizi, na nesi akasema ni dalili njema. Kisha akahisi joto la sakafu iliyopigwa na jua. Kisha siku moja, saa kumi alasiri, Kidoti alikuwa akiandika hesabu zake kibarazani aliposikia mama akipiga ukelele ambao ulisikika mpaka dukani.

"Aaii! Mamaaa! Nini hiki?"

Fundi viatu aliruka na nyundo mkononi akidhani ni nyoka. Mama alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika ukuta, na unyayoni mwake imechomeka pini.

"Inauma!" alisema, machozi yakimtoka, huku anacheka. "Jamani, inauma!"

Kidoti aliichomoa ile pini. Aliona tone moja la damu, jekundu, dogo. Papo hapo kitu kikamkatika ndani, akaanza kulia. Alilia kwa kwikwi kama mtoto wa chekechea, kwa ajili ya mkaa, kwa ajili ya zile vema kumi na mbili, kwa ajili ya kila siku ambayo hakuhisi kitu. Mama alikaa chini sakafuni, akamkumbatia, akamwacha alie mpaka amalize.

Fundi viatu alibaki amesimama, hajui aiweke wapi nyundo. "Dada," alisema, kwa mara ya kwanza bila mzaha, "nilikupima kwa kiatu changu. Nisamehe."

"Yameisha, kaka," mama alijibu. Kisha akamfuta Kidoti uso kwa upindo wa nguo yake. "Nisikilize, mwanangu. Miili yetu haifanani ndani, kama vile nyuso zetu zisivyofanana nje. Dawa inayomponya jirani bila shida inaweza kukusumbua wewe, na hilo si uvivu wala si aibu. Ikikusumbua, usinyamaze, na usiiache kwa siri. Nenda kwa anayekutibu ukamwambie kila kitu, hata kama ukweli unakutia haya. Wewe ulifanya hivyo wakati mimi mtu mzima nimeshindwa. Ndiyo maana leo naweza kulia kwa sababu ya pini."

Kidoti alivuta kamasi. Shavu lake lilikuwa la moto, limelowa, na lilikuwa lake.