Lusia Hakuagwa

Zipora anaosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo mmoja wa wachimbaji huko Rwamgasa. Pale vumbi halikatiki, na watu hushika zebaki kwa mikono mitupu. Si mahali pa mtoto. Kwa hiyo alimwandikisha binti yake Lusia, mwenye miaka minne, katika chekechea mpya karibu na nyumbani.

Asubuhi ya kwanza Lusia aling'ang'ania kanga ya mama yake, ambaye humwita Mayu kwa Kisukuma.

"Mayu, usiende!"

"Siendi popote. Nakununulia andazi, narudi sasa hivi."

Zipora akaondoka. Alirudi jioni, bila andazi. Kesho yake alisema anakwenda kuchota maji. Siku iliyofuata alisubiri Lusia ageuke, akapita mlango wa nyuma.

Wazazi wengi hufanya hivi, na huona ni ujanja. Ujanja gani? Ni uongo! Tena tunamdanganya mtu ambaye hana mwingine wa kumwamini. Mambo haya yananikera sana.

Lusia akaacha kula. Nyumbani hakumwacha mama yake hata kwenda chooni peke yake. Halafu mchana mmoja akatoka geti la chekechea bila kuonekana. Mchimbaji mmoja alimkuta ukingoni mwa duara, shimo refu la dhahabu lisilo na uzio. Alikuwa ameinama, anaita ndani ya shimo, "Mayu! Mayu!"

Mchimbaji akampeleka kwa mama yake mwaloni, na Zipora akaja chekechea moja kwa moja, Lusia mgongoni. Mumewe Nkwabi alikuwa ametangulia, buti zake zimejaa tope.

"Mwalimu gani wewe!" Nkwabi alifoka. "Mtoto angekufa! Kesho anakwenda mwaloni na mama yake. Basi!"

"Una haki ya kufoka, Baba Lusia," alijibu Mwalimu Apolonia. "Geti lilikuwa wazi. Kosa ni langu, na leo nalitia kufuli. Lakini na mimi nina hasira. Lusia alikwenda kumtafuta mama aliyesema anarudi sasa hivi."

Zipora alipandisha sauti. "Sasa ningefanyaje? Nikimuaga analia!"

"Mwache alie, Mama Lusia. Mimi nipo, nitambembeleza. Mtoto akiagwa hulia, kisha hutulia, maana anajua utarudi. Ukimtoroka, anashinda akitazama mlango."

"Nianzie wapi?"

"Kesho kaa naye hapa. Akishakunywa uji, nendeni nyumbani pamoja. Kesho kutwa muage, utoke kidogo, urudi. Uongeze muda polepole. Usimtajie saa, haijui. Mwambie utarudi baada ya uji, au akishaamka usingizini. Ukisema, urudi kweli. Mwachie na kipande cha kanga yako. Nami nitamsemesha Kisukuma mpaka azoee. Kiswahili changu kilikuwa kinamtisha."

"Na kazi je?" Nkwabi aliuliza.

"Baba Lusia," Zipora alisema, "umeliona lile shimo?"

"Basi, kaa naye," Nkwabi alisema.

Haikuwa rahisi. Lusia alipoagwa mara ya kwanza, alilia mpaka akakohoa. Zipora alikwenda huku naye analia. Lakini uji ulipokwisha, alikuwa mlangoni, kama alivyosema. Wiki ile alikosa vibarua, na msimamizi wake alimsema vibaya. Zipora alivumilia. Taratibu Lusia akaanza kula, akaanza kucheza, kisha akaweza kubaki mpaka alasiri.

Siku moja Zipora aliumwa, Nkwabi akampeleka mtoto. Lusia alikimbilia wenzake. Nkwabi akaona hiyo ndiyo nafasi. Akageuka kimyakimya. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye geti aliposikia sauti.

"Baba!"

Lusia alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, uso ameukunja.

"Hujaniaga!"

Wazazi waliokuwa wakileta watoto wakamtazama Nkwabi, mtu ambaye maduarani wanamwogopa kwa ukali wake. Akarudi. Akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Nisamehe, mwanangu. Naenda kazini. Nitakuja ukishaamka."

"Haya, nenda."

Watoto walipoamka na kuanza kukunja mikeka, Nkwabi alikuwa amesimama mlangoni.