Ziara za Kwenye Daftari

Kila Jumatano, shule ikimalizika, Ketsia Zihindula alivua sare, akala nsima yake, ugali wa Malawi, harakaharaka, akachukua daftari la kijani na kushika njia ya kwenda kwa Koko Annonciata. Koko ndivyo Wakongo wengi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wanavyowaita bibi zao. Huyu hakuwa bibi yake wa kumzaa. Alikuwa mjane kutoka mji wa Uvira huko Kongo, anaishi peke yake, ana ugonjwa wa sukari, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi.

Kazi hiyo alipewa na Mwalimu Mulenda, aliyekuwa akiwalea vijana wanane wa kanisa ili waje kuwa watumishi. Mulenda hakuridhika na mafunzo ya kukaa kwenye benchi tu. Kila kijana alipewa mgonjwa au mzee mmoja wa kumtembelea Jumatano na Jumamosi, amsomee Neno, aombe naye, kisha aandike daftarini alivyomkuta. Kwa Koko kulikuwa na jambo moja zaidi: kumvua soksi na kumkagua nyayo, maana mwenye ganzi anaweza kukanyaga msumari asijue. Jumapili baada ya ibada Mulenda aliyasoma madaftari mbele ya wote. Alikuwa amesema wazi kwamba ifikapo Krismasi mmoja wao atakabidhiwa darasa la watoto wadogo, na Ketsia alilitaka darasa hilo kufa na kupona.

Miezi miwili alikwenda bila kukosa, halafu akachoka. Tuseme ukweli, kwa Koko hakukuwa na raha: chumba kilinuka dawa, na hadithi za Uvira zilikuwa zilezile. Jumatano moja alipitia kwa rafiki yake Rosette kusukwa nywele, saa zikamkimbia. Jioni akaandika: “Koko hajambo. Tumesoma, tumeomba. Miguu safi.” Jumapili Mulenda alisoma maneno hayo akampongeza. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Wiki tatu nzima Ketsia hakukanyaga tena kwa Koko, lakini daftari lilijaa vizuri.

Jumatatu iliyofuata Nahayo, jirani wa Koko, alifika kanisani mbio. Alikuwa amerudi jana yake kutoka Nathenje, alikokwenda kufanya vibarua vya shamba kwa mwezi mzima, na sasa amemkuta Koko sakafuni, mwili unawaka homa, mguu wa kulia umevimba na kuoza. Likatafutwa gari la kumpeleka hospitali kubwa Lilongwe. Mulenda alimchukua na Ketsia, kwa kuwa aliamini yeye ndiye anayemjua mgonjwa kuliko wote.

Daktari aliuliza kidonda kilianza lini. Mulenda akafungua daftari la kijani, akajibu bila wasiwasi kwamba Jumamosi miguu ilikuwa safi. Daktari akasema kidonda hicho kina zaidi ya wiki mbili. Kingeonekana mapema kingesafishwa, na mguu ungepona. Sasa ungekatwa chini ya goti, tena siku hiyohiyo.

Ketsia alimfuata Mulenda nje.

Huko nje kwenye benchi, Mulenda alianza kusikitika kwamba wazee ni wakaidi. Bila shaka Koko alikataa kuvuliwa soksi, akamdanganya mtoto wa watu, na hivyo ndivyo atakavyowaeleza wazee wa kanisa. Ketsia aliyasikia yote. Mwanamke huyu angepoteza mguu, na juu ya hayo angeitwa mwongo. Koko alikuwa hajitambui, kwa hiyo ukweli alikuwa nao Ketsia peke yake. Alijua pia kwamba akiusema, lile darasa basi tena.

“Mwalimu, Koko hakuficha kitu,” alisema huku akilia. “Mi sikwenda. Wiki tatu sijafika kwake. Nilikuwa naandika tu.”

Mulenda hakumgombeza. Aliuliza kama hakufika hata siku moja, akaambiwa hata moja. Wakangoja pale kwenye benchi mpaka Koko alipotolewa chumba cha upasuaji.

“Mi pia niko na kosa,” alisema Mulenda. “Nilisoma madaftari yenu, na mimi mwenyewe sikwenda kumwona. Nitalisema mbele ya wazee wa kanisa. Wewe utalisema lako mbele ya Koko.”

Siku ya tatu Ketsia alipiga magoti kando ya kitanda akasema yote. Koko alikuwa akitazama pale ambapo blanketi lililala bapa.

“Kila Jumatano nilikuwa nakuwekea kiti mulangoni,” alisema Koko. “Nikasema, mutoto iko na masomo mingi.”

“Koko, nitalipa. Nitakufulia, nitakupikia kila siku, mpaka nilipe.”

“Utalipa na nini? We hauna muguu ya kunipa. Nimekusamehe, na ni bure, maana mi pia Bwana alinisamehe bure. Lakini usifikiri hainiumi. Inaniuma sana. Leo usinisomee kitu.”

Wakiwa wanangoja basi la kurudi, Mulenda alimwambia Ketsia maneno ambayo hatayasahau.

“Hakuna kazi njema inayonunua msamaha. Yesu alishalipa, kwa hiyo hukuwa na haja ya kuniongopea ili uonekane mwema. Ungeniambia umechoka, ningemtuma mwingine, na Koko angekuwa na miguu yake miwili. Ulitumikia sifa, na aliyeumia ni mtu uliyekabidhiwa. Darasa la watoto hutapewa mwaka huu. Lakini kwa Koko utakwenda. Huendi kulipa. Unakwenda kwa sababu hawezi tena kujitekea maji.”

Baada ya wiki tano Koko alirudi Dzaleka na magongo mawili. Jumatano Ketsia alikwenda bila daftari. Koko alikuwa ameketi kitandani. Hakutabasamu wala hakumkaribisha kiti. Alimwonyesha ndoo kwa kidevu tu. Ketsia akateka maji, akayaweka pembeni, akaaga.

Jumamosi alikwenda tena.