Mkwe Aliyekimbia Matanga

— Mkwe gani analala kwake Nachingwea, baba mkwe wake kazikwa jana?

Shaban aliuliza mbele ya watu, makusudi, ili mdogo wake Samia asikie vizuri. Kijiji kizima cha Narung'ombe kinajua: ukiwa mkwe, matanga unalala. Wanaume jamvini nje, wanawake ndani, mpaka siku ya tatu. Harithi, mume wa Samia, fundi pikipiki, alizika, akala, giza lilipoingia akawasha pikipiki yake akapotea.

— Leo asipolala hapa, mdogo wangu, hutarudi kwake. Talaka nitaidai mimi.

Samia hakumtetea mumewe. Naye alikuwa na lake moyoni. Tangu waoane, Harithi hajawahi kulala kabla yake. Husubiri taa izimwe, hupapasa begi lake, kisha humgeuzia mgongo. Akamwandikia ujumbe:

"Kaka anataka talaka. Kama una mtu Nachingwea, baki naye."

Jibu likaja: "Sina mtu. Nakuja, nitakueleza."

Alasiri akafika. Samia akamvuta nyuma ya jiko.

— Haya, eleza.

Harithi akatoa kikasha, akakifungua. Ndani mlikuwa na kidude cha plastiki chenye umbo la meno, ya juu na ya chini.

— Cha nani hiki?

— Changu. Nalala nacho. Nakoroma, Samia, tena vibaya. Koo linaziba, pumzi inakatika. Daktari wa meno kule Dar alinitengenezea. Kinasogeza taya la chini mbele, hewa inapita.

— Na jana?

— Tulikuja mbio msibani, nikakisahau nyumbani. Ningelala jamvini bila hiki, kijiji kizima kingenisikia.

— Ukaona bora mimi nionekane nimeolewa na mhuni?

Harithi akainamisha kichwa.

— Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa sababu ya kukoroma. Nikaogopa na wewe utaondoka.

Samia alikasirika, na alikuwa na haki. Kumbe siku zote alikuwa anakionea wivu kipande cha plastiki.

— Usipokivaa unaweza kufa?

— Daktari alisema ni hatari.

— Basi leo unakivaa jamvini, mbele ya Shaban.

— Watanicheka.

— Wacheke! Baba yangu nimeshamzika. Mume simziki kwa sababu ya aibu yake.

Usiku, jamvini, wakacheka kweli. Shaban alicheka kuliko wote, akamwita bibi kizee wa meno ya bandia. Harithi akavaa, akajifunika shuka, akalala.

Alfajiri Mzee Adinani, baba mdogo wa Shaban na Samia, aliamka na macho mekundu.

— Kuna mtu katunyima usingizi hapa.

Shaban akadakia:

— Si nilisema? Mkwe huyu...

— Mkwe kalala kimya kama mtoto. Ni wewe, Shaban. Unanguruma kama trekta!

Jamvi zima likaangua kicheko, msiba au si msiba. Habari ya talaka ikaishia hapo. Baada ya uji Shaban akamsogelea Harithi, sauti chini.

— Shemeji, huyo daktari wa Dar anapatikana vipi?

Samia alisikia, akajifanya hajasikia. Akakichukua kidude mkononi mwa mumewe, akakisuuza kwa maji ya baridi, akakirudisha kwenye kikasha na kukifunga kwenye pindo la khanga, pale anapofunga hela zake.

— Nitakitunza mimi.

— Nikitaka kulala je?

— Utaniomba.