Kilio Changu Kilichomfunga Baba Mdomo

Nina miaka ishirini na tisa na sijaolewa. Ninauza vitenge sokoni Makambako, na mpaka mwaka jana nilikuwa na kazi ya pili niliyoipenda kuliko ya kwanza. Kazi hiyo ilikuwa kulia.

Ndiyo, kulia! Usicheke kwanza, ndugu msomaji. Nitakueleza polepole, maana nisipoeleza vizuri hutaelewa nilivyotumbukizwa shimoni huku natabasamu.

Tulikuwa kikundi kidogo cha kutengeneza hadithi za kusikiliza. Mtunzi anaandika, sisi tunasoma kwa sauti za wahusika, tunarekodi, kisha sehemu moja moja inatumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Studio yetu ilikuwa chumba cha nyuma ya ghala la mahindi. Tulitundika mablanketi ukutani ili honi za malori zisiingie. Rafiki yangu Zawadi ndiye aliyetengeneza milio na kutunza rekodi. Mhusika akivunjwa mkono, Zawadi anavunja mabua makavu ya mahindi. Mhusika akitembea gizani, Zawadi anakanyaga kokoto kwenye beseni. Tulicheka sana siku zile...

Mtunzi wetu, na ndiye aliyekuwa akituongoza kwenye kurekodi, alikuwa Festo. Mchumba wangu.

Hadithi iliyotupa jina ilihusu mpelelezi asiyeogopa kitu. Risasi haogopi, rushwa hachukui. Sasa jambazi afanye nini na mtu wa namna hiyo? Anamteka binti yake, Melisa. Anamrekodi akilia na kumtumia baba yake sauti ile. Basi mpelelezi yule yule aliyewashinda watu wazima kwa mikono mitupu anaketi chini kama mtoto!

Melisa nilikuwa mimi. Wasikilizaji walipagawa. Dereva mmoja wa lori alitutumia ujumbe wa sauti akilalamika: "Nyie watu wa Makambako, mwachieni huyo binti! Mimi nashindwa kuendesha!"

Siku moja nilimuuliza Festo kwa nini katika kila hadithi yake lazima mtu atekwe. Tulikuwa tunakula viazi vya kuchemsha. Alimenya kiazi chake taratibu, akanijibu kama mwalimu.

"Mtu jasiri humshiki yeye, mpenzi. Unashika anachokipenda. Yeye mwenyewe atajifunga kamba."

Halafu akaniuliza, "Mzee wako je? Anaogopa nini?"

"Baba? Labda Mungu."

"Hakuna kingine?"

Nikacheka. "Labda mimi. Nikiumwa kichwa tu, yeye hali chakula."

Jamani! Nilidhani mchumba anataka kumjua mkwe wake. Kuna mwanamke asiyefurahi akiulizwa habari za baba yake na mtu anayetaka kumuoa?

Sasa nikueleze habari za baba. Anaishi kijijini kwetu, upande wa Uwemba. Alikuwa katekista kwa miaka mingi mpaka alipostaafu. Mama alifariki nikiwa bado shuleni, akanilea yeye, akanisuka nywele yeye, vibaya kweli kweli, lakini alinisuka! Pale kijijini watu wakigombana, walimfuata hata kabla ya kwenda kwa mwenyekiti. Mdomo wa baba ulikuwa kama muhuri. Akisema jambo, limekwisha.

Jirani yetu mmoja ni mjane, Mama Yusta. Ana shamba linaloshuka mpaka kwenye kijito. Upande wa pili yuko mzee mwenye mashamba makubwa ya parachichi, na mzee huyo alikuwa anahitaji maji. Mpaka wao ulikuwa mstari wa mianzi ya kugema ulanzi, pombe ya kwetu, uliopandwa na marehemu mume wa Mama Yusta. Asubuhi moja mianzi ile ilikutwa imeng'olewa yote, na miche ya parachichi imepandwa hadi kando ya kijito!

Mama Yusta alikwenda kwenye baraza la ardhi la kijiji. Katika watu waliokuwepo mpaka ulipowekwa, aliyebaki hai ni baba peke yake. Baraza likapanga Jumamosi ya kumsikiliza. Wala hakukuwa na wasiwasi. Baba angesema, na mjane angerudishiwa chake.

Nilimsimulia Festo habari hizo zote, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Alisikiliza vizuri sana. Sikujua, naapa sikujua, kwamba yule mzee wa parachichi ni mjomba wake.

Wiki hiyo tulirekodi sehemu ya nane. Nililia, lakini Festo akatikisa kichwa.

"Hapana. Huyo anayelia ni mwigizaji. Mimi namtaka mtoto. Kwenu baba anakuitaje?"

"Kadogo."

"Basi sema Kadogo. Msahau Melisa. Ongea na baba yako mwenyewe. Ukishashika machozi, tutarudia kwa jina la hadithi."

Nikafumba macho. Nikakumbuka siku tuliyomzika mama, jinsi nilivyoshika koti la baba nisianguke. Machozi yakaja yenyewe...

"Baba... ni mimi, Kadogo wako. Wamenifunga, baba. Usibishane nao. Fanya wanachotaka... Baba, nakuomba!"

Zawadi aliangusha beseni lake la kokoto, wenzetu wakapiga makofi. Festo alinikumbatia mbele ya watu akasema sijawahi kulia vizuri namna ile. Nilijisikia mtu! Kisha tukarudia kwa jina la Melisa, na mimi nikaisahau ile ya kwanza.

Ijumaa mchana Festo alitupeleka Mdandu, kwenye nyumba ya ndugu wa mwenzetu mmoja, tukarekodi mahali penye utulivu. Simu zetu zilikusanywa kwenye kikapu na kuzimwa. Hilo halikunishtua, ndiyo desturi yetu, maana simu moja ikilia inaharibu kazi ya saa nzima. Ila safari hii tulilala huko huko, na kikapu alikilalia yeye mwenyewe.

Jumamosi mchana alinirudishia simu ikiwa haina chaji hata kidogo. Akaniambia wazee wake watakuja kwetu kujitambulisha mwezi ujao. Mimi nikaruka kwa furaha! Badala ya kurudi Makambako, nikapitiliza Njombe mjini, nikanunua mkate na sukari, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani nikamwambie baba kwa mdomo.

Nilimkuta jikoni, ameketi karibu na moto, koti mwilini.

"Kamwene, baba!"

Hakuitikia salamu yangu. Aliinuka akanishika kichwa, akashika mabega, akakunja mikono ya sweta langu akaangalia vifundo vya mikono.

"Wamekuachia?"

"Nani, baba?"

"Wamekupiga wapi? Sema, mwanangu. Nimefanya walivyotaka. Nimefanya yote."

Nikadhani baba yangu amechanganyikiwa. Ndipo alipotoa simu niliyomnunulia mimi, akabonyeza. Sauti yangu ikajaa jikoni. "Baba... ni mimi, Kadogo wako..."

Na mimi, mjinga wa wajinga, nikacheka! Nikapiga makofi!

"Baba! Umeipata wapi? Hiyo si sehemu ya nane? Bado hata haijatoka!"

Nikiikumbuka sauti ya kicheko changu siku ile, natamani ardhi inifunike.

Baba aliketi. "Sehemu ya nane," akasema, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma. "Kwa hiyo uliigiza."

"Ndiyo, baba, lakini..."

"Leo nimesimama mbele ya baraza nikasema sikumbuki mpaka. Mama Yusta alikuwa ameketi mbele yangu. Nimemwangalia usoni nikasema sikumbuki."

Kipande kile kilimfikia Ijumaa jioni kutoka namba asiyoijua, pamoja na maneno machache: kesho aseme hakumbuki, asimwambie mtu, la sivyo hataniona tena. Alipiga simu yangu usiku kucha. Ilikuwa imezimwa. Angefanya nini? Wewe ungefanya nini?

Nilijaribu kumweleza. Nilipiga magoti. Lakini kila nilipolia alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona, macho ya mtu anayechunguza kama machozi ni ya kweli. Ugali niliousonga hakuugusa. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Asubuhi nilimpigia Festo. Nilitegemea akane. Nilitamani akane! Hakukana.

"Kwani umepigwa?" akauliza. "Kuna mtu amekugusa hata ukucha?"

"Festo, umemtisha baba yangu kwa sauti yangu!"

"Ni sauti tu, Kadogo. Mjomba alihitaji msaada, na ameahidi kutufungulia studio ya maana. Yetu, mimi na wewe. Halafu tusidanganyane. Aliyenyamaza barazani ni mzee wako, siyo mimi."

Akakata. Huyo ndiye mwanaume niliyemchagulia kitambaa cha suti ya harusi!

Nilimpigia Zawadi. Akasema kwa mshangao, "Kwani hukujua yule mzee wa parachichi ni mjomba wake? Alhamisi aliniomba ile ya kilio, bila muziki wala milio. Akasema anataka kukushangaza." Kisha akaelewa mwenyewe alichokisema, akaanza kulia yeye. Siku hiyo hiyo alikuja Uwemba na rekodi yote ya siku ile, kuanzia mwanzo.

Kwanza nilikwenda kwa Mama Yusta. Nilimweleza kila kitu huku namwaga machozi. Alikuwa anapalilia viazi, hakuacha jembe.

"Kumbe shamba langu limeporwa na mchezo wa kwenye simu," akasema. Kisha akaniangalia. "Binti, machozi yako yametosha. Wenzio wameyatumia, wamechukua shamba. Mimi siyahitaji. Namhitaji baba yako aseme."

Maneno yale yaliniuma, lakini alikuwa na haki. Nilirudi nyumbani. Zawadi akamwekea baba rekodi nzima, Festo akisikika anaelekeza, "Msahau Melisa, ongea na baba yako mwenyewe," mimi nikiuliza kama nirudie, beseni likianguka, watu wakipiga makofi. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Jioni ile alikula.

Baraza lilipokaa tena, alisimama bila kuitwa. Alisema alidanganya. Alionyesha mianzi ilipokuwa, kuanzia jiwe la juu mpaka kijitoni. Nilidhani yamekwisha. Ndugu msomaji, hayakuwa yamekwisha!

Mzee mmoja wa baraza aliuliza, tena kwa heshima, "Katekista, sasa sisi tushike lipi? La juzi au la leo?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza baba yangu swali kama hilo. Alisimama pale, kofia mkononi. Zawadi na mimi tulieleza, rekodi ikasikilizwa, watu wakaguna. Mzee wa parachichi akasema yeye hajui lolote, aulizwe huyo kijana. Tulitoa taarifa polisi, lakini kijana alikuwa ameshahama Makambako na namba yake haipatikani. Shauri limepelekwa wilayani. Mpaka leo Mama Yusta analima nusu ya juu, na maji anayasikia tu.

Siku ile tulipotoka barazani, baba alitembea mbele yangu. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama.

"Nimekuelewa, mwanangu. Hukujua. Lakini unajua kinachonitesa?"

"Ni kule kusema uongo, baba?"

"Hapana. Kinachonitesa ni kwamba wakija tena kesho na sauti yako, nitanyamaza tena."



Wapendwa wasomaji, sikuandika haya ili mnionee huruma. Nimeandika kwa sababu jambo hili linaweza kumfikia mtu yeyote mwenye simu na mwenye kupenda. Katika hadithi tunamlaumu shujaa: kwa nini anakubali, kwa nini asipigane? Sasa najua. Haidhuru awe jasiri namna gani, anaposikia kilio cha mtoto wake hana nafasi ya kufikiri. Anayekutisha anajua hivyo, ndiyo maana anakuambia usimwambie mtu. Usimtii! Mwambie hata mtu mmoja tu, jirani, padri, mwenyekiti. Baba angemwambia mtu mmoja, tungetafutwa mpaka Mdandu, na ningepatikana nakunywa chai.

Na ninyi wenzangu mnaoigiza, msiwaite wazazi wenu wa kweli kwenye kilio cha uongo. Wewe binti mwenye mchumba anayependa kuuliza mzee wako anaogopa nini, muulize kwanza anataka kujua ya nini. Mimi sikuuliza. Nilijibu huku nacheka.

Niliacha kuigiza. Bado nauza vitenge Makambako, na kila nikitoka kumtembelea baba kijijini, nikifika nampigia kumwambia nimefika salama. Zamani ilitosha nikisema "baba" tu, anaitika na kukata ili salio langu lisiishe. Siku hizi nikisema "baba, nimefika," hakati.

"Sema kitu kingine," ananiambia.

Basi namwambia jambo ambalo rekodi haiwezi kulijua: kuku wake yupi ametaga, au kitenge gani nimekivaa leo asubuhi alipokuwa ananisindikiza. Ndipo anapopumua.