Doa Kwenye Kifundo cha Bibi

Kila aliporudi shule, kabla hata ya kuvua viatu vyake mwenyewe, Sindano alivua kwanza kiatu cha bibi yake. Jina la Sindano alipewa na bibi huyohuyo, kwa sababu alikuwa mwembamba na hakuweza kutulia mahali pamoja. Alipiga magoti mbele ya kiti, akabandua mikanda ya kunata, kraa, kraa, kisha akauchomoa mguu wa kushoto kutoka kwenye kifaa cha plastiki kilichoushika kuanzia chini ya goti mpaka vidoleni. Bibi alikiita buti.

"Taratibu, mke mwenza," Bibi alizoea kumtania. "Ukiung'oa huo, hospitali hawana wa akiba."

Miezi mitano nyuma, Bibi alipatwa na kiharusi akiwa kwenye cherehani yake ya kukanyaga. Hospitalini walielezwa kwamba damu ilishindwa kufika sehemu moja ya ubongo, na sehemu hiyo ilipoumia, mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Mkono ulirudi mapema. Mguu ukagoma. Unyayo ulining'inia, vidole vikajikwaa sakafuni kila Bibi alipotaka kupiga hatua, na ngozi yake haikusikia vizuri. Ungeweza kuufinya, naye akaendelea na hadithi yake kama kawaida.

Cherehani ilibaki dirishani, imefunikwa shuka. Ndani yake bado mlikuwa na sketi ya shule ya Sindano, mshono umefika nusu, vilevile ilivyoachwa siku ile. Mama alitaka kuipeleka kwa fundi mwingine. Bibi alikataa katakata. Alisema sketi ile itatoka pale kwa mguu wake mwenyewe, hata kama Sindano atakuwa ameshamaliza shule.

Na sasa siku hiyo ilikuwa imekaribia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mrefu ambaye Bibi alimwita Mwalimu wa Miguu, alitoa ahadi. Ijumaa, Bibi akivuka chumba cha mazoezi kwa hatua kumi na mbili bila kushikwa, ataruhusiwa kukaa kwenye cherehani yake. Nyumba nzima ilichangamka. Bibi alihesabu siku zilizobaki kwa kutoa kifungo kimoja kila siku kwenye kopo lake la vifungo. Sindano naye, hata darasani, alisikia hatua kumi na mbili zikitembea kichwani mwake.

Sindano alikuwa na kazi yake rasmi, aliyokabidhiwa na Mwalimu wa Miguu mbele ya mama yake. Kila akivua buti, akague ngozi ya mguu pande zote, hasa kwenye kifundo. Akiona doa jekundu au jeusi kuliko ngozi, angoje nusu saa. Likifutika, si neno. Lisipofutika, Bibi asivae buti tena na mwalimu apigiwe simu siku hiyohiyo.

Jumatatu ya wiki ile buti lilianza kupwaya, kwa kuwa uvimbe wa mguu ulikuwa umepungua. Sindano alikulia kwa fundi, na nguo ikipwaya alijua la kufanya. Alichukua kipande cha sponji kilichobaki kwenye mabega ya koti, akakivika kitambaa cha maua, akakishona pande nne na kukibandika ndani ya buti. Bibi alivaa miwani, akaupitisha ukucha juu ya mshono, akasema umenyooka kama umepigwa rula. Hakuna aliyekumbuka kwamba buti si koti.

Jumatano, Sindano alipovua buti, aliona doa juu ya mfupa wa kifundo. Lilikuwa sawa na kifungo cha shati, na alipoligusa lilikuwa la moto. Akatazama saa ya ukutani. Nusu saa ikapita. Doa lipo.

"Vipi, mkaguzi?" Bibi aliuliza.

Sindano alijua wazi kwamba wakipiga simu, buti litachukuliwa, na buti likichukuliwa hakuna Ijumaa. Akaivuta soksi juu.

"Hakuna kitu, Bibi."

Alhamisi doa lilikuwa sawa na kifungo cha koti. Akasema tena hakuna kitu.

Ijumaa mchana walifika kwenye chumba cha mazoezi. Kulikuwa na kioo kirefu ukutani, vyuma viwili vya kushikilia, na utepe wa manjano sakafuni unaoonyesha mahali pa kuishia. Kama kawaida, walianza na ile mashine ndogo ya umeme wenye nguvu kidogo, ambayo Bibi aliiita Nyuki kwa jinsi ilivyomtekenya. Mwalimu wa Miguu alivua buti, akaacha soksi fupi palepale, akabandika vibandiko viwili vyenye nyaya karibu na goti, kwa upande wa nje. Akazungusha kitufe polepole. Unyayo uliokuwa ukining'inia ukainuka wenyewe, kama mtoto aliyeitwa jina lake.

Mwalimu alimwambia Bibi asimwachie Nyuki kazi yote. Umeme unapovuta, naye avute, ili ubongo ujifunze upya njia ya kwenda mguuni. Wakavuta. Mara ishirini, mara thelathini, Bibi jasho linamtoka puani. Kisha mwalimu akaizima mashine bila kusema.

Unyayo uliinuka. Kidogo tu, kimo cha kidole, lakini uliinuka.

"Nyuki amelala," mwalimu alisema. "Huyo ni wewe, Bibi."

Bibi aliutazama mguu wake kama mgeni aliyerudi na mizigo. Wagonjwa wengine wakapiga makofi, mzee mmoja akagonga fimbo chini. Sindano aliruka mpaka karibu aangushe kiti. Katikati ya furaha ile, mwalimu alimnyooshea buti akicheka.

"Haya, mvishe tuvuke. Ngozi iko sawa, mkaguzi?"

Sindano alilipokea buti. Mguu ule, ulioanza kuamka dakika hii tu, ulikuwa na doa lililofichwa ndani ya soksi, na aliyelificha ni yeye.

"Haiko sawa," alisema. "Tangu juzi haiko sawa. Nilidanganya."

Mwalimu aliivua soksi na kulibonyeza doa kwa kidole gumba. Alishukuru kwamba ngozi haikupasuka, ila alisema buti likivaliwa leo, kesho pale patakuwa na kidonda, na kidonda cha mguu usiosikia huchukua wiki nyingi kupona. Kisha akaingiza mkono ndani ya buti, akatoa kitambaa cha maua.

"Hii nini?"

"Bitana," Bibi alijibu kwa sauti ndogo.

Mwalimu alijitahidi asicheke, akashindwa. Akawaeleza kwamba plastiki ile imekatwa kwa kipimo cha mguu mmoja, na sponji ilikuwa imekula nafasi ya mfupa. Mguu ukipungua, buti hurekebishwa na fundi wa vifaa, si kwa uzi. Fundi huyo, chumba cha pili, alilipasha moto na kulifinyanga upya. Lakini kuvuka kukaahirishwa mpaka Jumatano.

Sindano alilia njia nzima. Bibi hakumgombeza wala hakumbembeleza. Alimkabidhi miwani yake, akamwambia kuanzia leo akague asubuhi na jioni.

Doa lilirudi kuwa kifungo cha shati, likawa shanga, likafutika. Kila siku Sindano alisema alichokiona, hata siku ambayo halikupungua. Jumatano, Bibi alisimama mbele ya utepe wa manjano. Hatua ya tisa aliyumba, mikono ya mwalimu ikasogea.

"Usinishike," Bibi alisema.

Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Akaendelea mpaka kumi na nne, akasema mbili za mwisho ni za mkaguzi wake.

Nyumbani shuka lilifunuliwa. Mwalimu alikuwa ameruhusu dakika tano, buti kando, mama akiwa amesimama nyuma ya kiti. Unyayo wa kushoto ulisita juu ya kanyagio, ukabonyeza. Gurudumu likazunguka. Mshono ukaanza kutambaa kutoka pale ulipoishia miezi mitano nyuma, umepinda kidogo, mpaka mwisho wa sketi.

Bibi alikata uzi kwa meno.

"Mimi nilikosea kusifu mshono bila kuuliza bitana ya nini," alisema. "Lakini wewe sikiliza, mjukuu wangu. Mguu huu hauwezi kusema unaumia. Macho yako ndiyo mdomo wake. Uliponificha, uliufunga mdomo. Ungesema siku ile ya kwanza, sketi hii ungeivaa Jumatatu. Ukiona baya, liseme likiwa bado kifungo cha shati."

Sindano aliitikia. Aliikumbatia sketi, lakini hakuijaribu. Alivaa ile miwani kubwa, akapiga magoti, akashika kifundo cha bibi yake.

"Subiri kwanza," alisema. "Nikague."